Kilio cha Mama Kwenye Spika

Mimi ni mtu wa muziki, tena wa kupitiliza. Wimbo ukitoka Ijumaa, kabla vinyozi wa hapa Kilifi hawajaufungulia wateja, mimi nishakishika kibwagizo chake. Nimewahi kununua bando na kumkorogea mwanangu uji mwepesi siku hiyo. Anayetaka kunisema na aniseme.

Kwa hiyo nikisema nyimbo za siku hizi zimeoza, sisemi kama mzee wa redio. Zamani wimbo ulikubembeleza kwanza. Sasa msikilizaji ana kidole juu ya kioo cha simu, ukimchosha kidogo amesharuka, na msanii anayekula kwa kusikilizwa mtandaoni anajua hilo. Basi kila wimbo unaanza kwa kukuchapa kofi: king'ora, chupa inayopasuka, mwanamke anayepiga ukunga.

Wimbo ulionivunja mimi ulianza na mama yangu.

Mdogo wangu wa kiume alikufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya kwetu Kaloleni. Dada yetu mkubwa yuko Saudia, kazi za nyumbani, na mwajiri wake alimkatalia kuja kuzika. Kwetu aliye mbali hutumiwa msiba kwenye simu, ili naye alie pamoja na wenzake. Kazi hiyo nilipewa mimi. Jeneza lilipofunguliwa kando ya kaburi, mama akamwinamia mwanawe na kumlilia kwa Kigiriama, kwa wimbo, kama wanawake wa kwetu wanavyolia: anataja vyakula alivyopenda, anamtukana kwa kumwacha. Nilimsogelea na simu mpaka pumzi yake ikasikika. Nikatuma kwenye kundi la ukoo, lenye watu zaidi ya mia.

Miezi michache baadaye, msanii mmoja wa upande wa Magarini, ambaye nilikuwa nikisambaza nyimbo zake bila kuombwa, akatoa wimbo mpya. Nilikuwa nakaanga viazi karai. Nikachomeka waya masikioni, na mama akapiga ukunga ndani ya kichwa changu. Halafu ngoma ikaingia. Nilitapika pale pale, mafuta yakaungua.

Wimbo ukashika. Ukaja na mtindo wake wa kucheza: mikono miwili kichwani, kiuno chini. Mikono kichwani! Pwani hii mtoto akijishika kichwa hivyo anachapwa mikono hapo hapo, "Shusha! Unaniitia nini?" maana hivyo ndivyo anavyosimama mfiwa. Sasa tuktuk zinapita na wimbo huo, na wasichana wa shule wanajirekodi wakiucheza msiba wetu.

Mama alipokuja kunitembelea, wimbo ukafunguliwa kwa jirani. Mwanangu, wa miaka mitatu, akaweka mikono kichwani mbele ya bibi yake na kukata kiuno. Nilimzaba kibao akaangukia ndoo. Mama hakumwokota. Alikuwa ametega sikio ukutani.

"Huyo anayelia ni nani?"

"Sijui, mama."

"Ni mimi."

Akachukua leso yake akarudi Kaloleni bila kunywa hata chai. Tangu siku hiyo haendi sokoni wala kanisani. Anasema kila anapopita anangoja kujisikia akilia. Nikaapa kilio kile kitatoka kwenye wimbo ule, hata ikibidi nikitoe kwa meno. Nilimwandikia msanii mara nyingi. Alinijibu mara moja tu, kwa picha ya kidole gumba.

Alipokuja kutumbuiza Malindi, Jumamosi mchana, nililipa kiingilio nikasimama mbele kabisa. Kutumbuiza gani? Dijei anapiga wimbo, sauti ya msanii imo humo humo, yeye anarukaruka na kumalizia vina. Tumelipa kumtazama mtu akijisikiliza. Halafu ukunga wa mama ukatoka kwenye spika kubwa kama milango, na uwanja mzima ukaweka mikono kichwani.

Sikumbuki nilivyopanda jukwaani. Nakumbuka chuma cha kushikilia maikrofoni kimo mkononi mwangu, na sauti kiliyotoa kilipogonga meno yake. Damu ikaanguka kwenye fulana nyeupe. Nikanyakua maikrofoni.

"Huyo ni mama yangu! Analilia maiti! Mnacheza juu ya maiti!"

Halafu mwanamume mmoja huko chini akapaza sauti: "Kiki hiyo! Anatafuta umaarufu!"

Wakacheka. "Mwongeze la pili, dada!" Chupa ikanipata sikioni. Baunsa akanivuta nywele, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja chumvi, naye akanipiga ngumi ya mbavu. Mwenzake akanibeba kama gunia la makaa na kunitupa nyuma ya hema.

Msanii akaja, taulo mdomoni.

"Dada, wallahi sikujua ni msiba wa kweli. Prodyuza alikuwa na sauti hiyo kwenye simu."

"Ulidhani analizwa na nini? Vitunguu?"

Akatema damu. "Ilikuwa imezagaa kila kundi. Aliyerekodi mwenyewe ndiye aliyeitupa huko. Mimi nifanyeje?"

Nilitaka kumpiga tena, mkono ukakataa. Nikamwambia nitamfuata Watamu, Mtwapa, popote atakaposimama, na siku nyingine sitakuja peke yangu, nitakuja na wanawake wote wa ukoo. Akanitazama, akatazama taulo lake.

"Nitakitoa," akasema.

Alikitoa. Siku ya tatu likawekwa toleo jipya bila kilio. Chini yake watu wanalalamika: wimbo umepoa, mrudishe yule mama. Na video yangu nikivutwa nywele imetazamwa kuliko nyimbo zake zote.

Nikapanda Kaloleni kumpa mama habari. Nilimkuta akichambua mchicha. Nikamwamkia, nikamwambia kimetoka, hakitasikika tena. Hakuinua uso.

"Nani alinirekodi?"

Ningeweza kudanganya. Kundi lina watu zaidi ya mia.

"Mimi, mama. Nilimtumia dada."

Akasimama akanipiga. Si kofi, ngumi: begani, kichwani, kwenye mbavu zile zile, mpaka mchicha ukamwagika na kukanyagwa. Sikujikinga.

"Shangazi zako walinishika nisianguke kaburini," akasema akihema. "Nikakutafuta wewe. Wewe ulikuwa umeshika simu."

Nikabaki nimesimama, akaendelea kunipiga.