Siku Mama Aliposema Hana Mtoto

Wino wa muhuri una harufu yake, na mimi na harufu hiyo hatupatani. Wiki iliyopita nilikwenda kufuatilia pensheni yangu ya ualimu, na kwa kuwa mkono siku hizi unatetemeka na sahihi yangu haifanani tena na ile ya zamani, binti wa dirishani akanisogezea kikebe chenye sponji ya wino. "Bibi, weka dole gumba hapa." Nikainama, harufu ikanipanda puani, nami nikasimama pale nimeduwaa. Masikini yule binti alidhani nimezidiwa, akakimbilia kiti. Sikuwa nimezidiwa, wenzangu. Nilikuwa Boma la Tabora, enzi za Mwingereza, nina miaka tisa, nimeshika upindo wa kanga ya mama.

Baba yangu alifariki kwa homa nikiwa na miaka mitano, na mdogo wangu Maganga akiwa bado ananyonya. Mama akarudi nasi kwa mama yake, mtaa wa Chemchem, kwenye nyumba ya udongo ambayo uani kwake hapakukosekana viazi vilivyoanikwa na kuku wa jirani wakivivizia. Hapa nieleze jambo ambalo wajukuu wangu hunibishia hadi sauti inanikauka. Kwetu Unyamwezi, mwanamume akishalipa ng'ombe wa mahari, watoto ni wa kwao. Mama atazaa, atanyonyesha, atabeba mgongoni, lakini ikiulizwa watoto ni wa nani, jibu ni moja: wa ukoo wa baba yao. Na baba yangu alilipa ng'ombe wote, hata ndama hakudaiwa. Kwa hiyo mimi na Maganga tulikuwa wa baba mkubwa Masanja, kaka yake marehemu, mkulima wa Ntalikwa. Tulikaa kwa bibi kwa hisani ya baba mkubwa tu. Siku yoyote angeweza kuja kutuchukua, na hakuna ambaye angemwuliza kitu.

Kisha akaja Paulo. Jamani, yule mtu! Alikuwa kijana wa hapo hapo Chemchem aliyekwenda kuchimba shaba Rhodesia ya Kaskazini, akarudi likizo na viatu vinavyolia kila akipiga hatua na kicheko cha kutoka tumboni. Maganga alimfuata kila mahali, hata msalani alimsubiri mlangoni. Nami nilimpenda, nisiseme uongo. Wakafunga ndoa misheni, likizo ikaisha, akarudi machimboni. Baada ya miezi michache barua ikaja: amepewa nyumba ya mtu mwenye mke, ina vyumba viwili na bomba la maji nje, naye ameshamdhamini mama kule. Lakini mama lazima apate karatasi kutoka Boma, na akichelewa nyumba itapewa mwingine.

Bibi hakufurahi. Babu yake alikuwa mmoja wa wale waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani, na kwa bibi reli ya Kigoma, ambayo mama angesafiri nayo, ilikuwa ile ile njia ya misafara, imelazwa chuma tu. "Njia hii haishibi watu," alisema huku akipepeta mtama. Lakini alijua vilevile kwamba mwanamume wa machimboni hakai miaka na kitanda kitupu, na mama alikuwa bado kijana.

Mama alituweka chini, mimi na Maganga. "Nakwenda kutazama kwanza. Nikiona pana ukaaji, Paulo atawadhamini na ninyi, mje." Niliamini kila neno. Kesho yake shuleni nilitangaza kwamba nahamia Rhodesia, na kwa maringo yale nadhani wenzangu waliomba niondoke upesi.

Siku ya kwenda Boma mama alinichukua kwa sababu nilijua kusoma. Yeye hakujua hata herufi moja, na alitaka nihakikishe kwamba karani ameandika jina lake sawasawa. Nikavaa gauni langu la Pasaka. Baba mkubwa Masanja alitukuta huko huko, kwani Boma walitaka mtu wa upande wa marehemu aseme kwamba mjane yule hadaiwi kitu. Tulipofika, mama aliniambia nisubiri barazani, akaenda kuzungumza naye nyuma ya ukuta. Walikaa sana. Waliporudi, magoti ya mama yalikuwa na vumbi, nikadhani amejikwaa.

Karani alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Alipomwona tu baba mkubwa akaanza. "Hee, Mnyamwezi! Mzigo wangu umeutua wapi?"

"Nimeutua kwa mkeo," akajibu baba mkubwa. "Nenda kauulize."

Wakacheka, hata askari wa mlangoni akacheka. Karani akajifuta machozi, akachukua kalamu. Akauliza jina, akauliza kabila, akauliza jina la mume. Nilichungulia, nikaona jina la mama limeandikwa vizuri, nikaitikia kwa kichwa kwa umuhimu mkubwa. Kisha akauliza, "Una watoto wangapi?"

Mama alimtazama baba mkubwa. Baba mkubwa alikuwa akitazama fimbo yake.

"Sina," mama akasema.

"Hata mmoja? Na huyu je?" Karani alinielekezea kalamu.

"Huyu ni wangu," baba mkubwa akasema.

Karani, mtu wa pwani, hakuwa na habari na ng'ombe wetu wa mahari. Akaandika neno moja la Kiingereza, fupi, ambalo sikuweza kulisoma. Mama akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Nami nikauachia upindo wa kanga.

Kununa ni kipaji, na Mungu hakuninyima. Nilinuna siku nane. Mama alinichemshia viazi vikavu na karanga, chakula ambacho ningekifuata hata motoni, nikasema nimeshiba. Alinisuka nywele, nikazifumua. Hakunieleza kitu, na mimi sikuuliza, maana niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Bibi aliniambia, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Subiri, Nyamizi, utakua." Nikamjibu moyoni kwamba yule mzazi amekwisha kusema hana mwana. Kisha mama akaondoka. Ile siku yenyewe ya kuondoka naomba niiruke kwanza.

Barua zilikuja kwa mwandiko wa Paulo, maneno ya mama. Nyamizi anasoma? Maganga ameota meno ya mbele? Mimi ndiye niliyezisoma mbele ya bibi, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma tangazo la mnada. Bibi alinitamkia majibu, nikayaandika kama alivyoyasema. La kwangu sikuongeza hata moja. Mwisho wa kila barua mama aliuliza, "Nyamizi mwenyewe anasemaje?" na kila mara niliruka mstari ule, nisimsomee bibi.

Mwaka wa pili Paulo aliandika kwamba yuko tayari kutudhamini. Ajabu ni kwamba baba mkubwa alikubali. Alikuja kwa miguu kutoka Ntalikwa, jogoo kwapani, zawadi ya mtani wake, yule karani. "Watoto ni wetu na watabaki wetu," alimwambia bibi, "lakini yule mdogo anakonda. Waende kwa mama yao, wakikua watarudi." Tukaenda Boma, mimi na Maganga tumepakwa mafuta hadi tunang'aa.

Karani akafungua jalada, akasoma, akaacha kutabasamu. "Mtani, mama huyu hana watoto. Alisema mwenyewe, na dole gumba lake hili hapa. Rhodesia wamepelekewa nakala. Nitawaambiaje leo kwamba amezaa wawili wakubwa hivi?"

"Wale aliowakana ni wa ukoo. Lakini amewazaa yeye."

"Sasa mbona hukusema siku ile? Ulikuwepo!"

Baba mkubwa akamsogezea jogoo. Karani aliandika barua ya kuwaombea, Mungu amlipe, na jibu lilipokuja lilikuwa hapana. Paulo akajaribu tena, ikawa hapana. Maganga alilia chini ya kitanda cha bibi mpaka akalala hapo hapo sakafuni. Mimi sikulia. Nilisema, "Si alisema mwenyewe?" Bibi alinipiga kofi, la kwanza na la mwisho maishani.

Nikiwa chuo cha ualimu, Paulo aliandika kwamba mama ameugua siku tatu na amefariki, na wamemzika huko huko. Hapo ndipo nilipoanza kumtamani. Nilimtamani kwa mwili mzima, kama mtu mwenye njaa. Nilitaka anisuke. Nikajikuta naokoteza barua zake za zamani na kusoma ile mistari niliyoiruka.

Nilipata kazi, na likizo ya kwanza nikaenda Ntalikwa kumwamkia baba mkubwa, aliyekuwa ameanza kuzeeka. Baada ya marahaba yake nikamwuliza waziwazi mama alimfuata nyuma ya ukuta kumwambia nini.

"Alipiga magoti," akasema. "Wiki ile nilikuwa nimekusudia kuwachukua. Wewe ulinde ndege shambani, Maganga achunge mbuzi. Mama yako akaniambia, nitakiri mbele ya serikali kwamba watoto ni wenu, nisitie mkono kabisa. Ila waache pamoja kwa mama yangu, na Nyamizi asitolewe shule. Nikakubali. Hakuna aliyejua kwamba karatasi ya Mzungu haisahau."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii, baba?"

"Ulikuwa unapita hapa umenuna kama kiboko! Nani angekusogelea?"

Nikacheka, kisha nikalia mbele yake bila aibu. Neno lile nililolichukia ndilo lililoninunulia ubao na chaki. Mama alilitoa akijua mimi nasikia.

Sasa ile siku niliyoiruka. Nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba sikwenda stesheni, kwamba nilibaki nyumbani na kichwa kinauma. Nilikwenda. Niliwafuata kwa mbali, nikajificha nyuma ya magunia ya karanga yaliyosubiri kupakiwa. Bibi alikuwa amembeba Maganga. Baba mkubwa alisimama pembeni na sanduku la mama. Injini ilipopiga mluzi, mama alipanda, akajitokeza dirishani nusu mwili, akaanza kuita. "Nyamizi! Nyamizi mwanangu! Wanangu mimi!" Aliita mbele ya baba mkubwa, siku nane tu baada ya ahadi yake, na stesheni nzima ilimsikia. Baba mkubwa aligeuka, akaanza kutafuta tumbaku mfukoni, akaitafuta muda mrefu sana, kana kwamba ni kiziwi. Leo najua wote wawili walifanya nini pale. Siku ile mimi niliona mwongo mmoja tu.

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Mtoto wa miaka miwili anajua kuitika mama yake akimwita. Nilibana mdomo, akaita mpaka treni ikapinda.

Siku hizi nikiwa jikoni huwa naitika, "Abee!" kwa sauti, bila kukusudia. Wajukuu hutoka mbio kuuliza, "Bibi, nani kakuita?" Nawaambia ni mama yangu.