Koti la Binti wa Sumaku

Fundi cherehani huyu tulimwita Pindo, maana pindo lililoshonwa kombo lilimnyima usingizi. Alipougua mkanda wa jeshi, malengelenge yalipona, maumivu yakabaki, yakiwaka kutoka bega la kulia hadi vidoleni. Mkono ukagoma kupanda juu. Vidonge vilimlewesha tu. Mume alishatangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee alipiga simu akikumbuka.

Hospitali ikampa nafasi kwenye kiti cha sumaku. Binti aliyeendesha mashine alimshika kichwa taratibu, akamwekea koili, duara la nyaya zenye sumaku, ikaanza kugonga ta-ta-ta.

"Inaamsha ubongo, mama," alimweleza. "Mwili una dawa yake ya maumivu, jamaa yake mofini. Sumaku inauhimiza tu uitoe."

"Kumbe miaka yote nina duka la dawa kichwani, na ufunguo unao wewe!"

Walicheka mpaka mgonjwa aliyengoja nje akachungulia. Kisha binti akauliza, kama alivyouliza kila mara, "Leo maumivu ni ngapi, kati ya sifuri na kumi?"

"Saba."

Wiki zikapita, moto ukafifia. Pindo alishika mkasi tena, akalala fofofo, na bado alijibu saba. Daktari alishasema akifika mbili kiti atapewa mwingine. Mimi simlaumu. Ni uongo, ndiyo, lakini kichwa chake hakikuwa kimeguswa na mtu mwingine tangu mazishi ya mumewe.

Siku moja binti aliingia na koti jipya jeupe, bega moja limekaa ovyo. Pindo akavumilia, akashindwa. Alichomoa pini kwenye kola yake mwenyewe, akasimama, akainua mikono yote miwili, akaanza kulirekebisha lile bega. Binti alikuwa mrefu.

"Mama," binti akasema polepole. "Mkono wako."

Pindo akautazama mkono wake wa kulia, juu kule, umetulia.

"Ni ngapi kweli?"

"Moja. Siku nyingine hata hiyo haipo."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nyumbani hakuna anayeniuliza."

Binti akamkumbatia, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata. Kazi ni kazi.

"Niletee hilo koti dukani kwangu nilishone," Pindo alisema mlangoni. "Usitembee na pini."

"Nitaleta, mama."

Mkono hauumi tena. Mlango wa duka ukilia, Pindo husimamisha cherehani na kuinua kichwa. Koti halijaja.