Maji Maangavu Yasiyotaka Kutuama

Pale kwenye mtambo wa maji walimwita Mama Gilasi, maana hakupita mahali bila kuinua gilasi kwenye mwanga. Kazi yake ilikuwa kupima maji ya bwawa kabla hayajaenda majumbani, na maji hayo yalikuwa yamemchosha roho.

Maji ya tope yana adabu: ukiyatia shabu, uchafu hushikana, ukawa mzito, ukazama. Haya yalikuwa maangavu, uchafu wake mchache na mwepesi kama vumbi la unga. Ulishikana, ndiyo, lakini madonge yake yalining'inia katikati, hayapandi hayashuki, kisha yakaenda kuziba chujio la mchanga. Mafundi waliliosha kutwa wakinung'unika. Nyumbani nako mama mkwe alitaka kujua mtu mwenye akili zake anaoshaje maji safi.

Akaomba kulinganisha njia mbili. Mapipa mawili yakawekwa uani: moja la kutuamisha kama walivyozoea, la pili likipulizwa viputo vidogo kutoka chini ili vibebe madonge hadi juu, yakwanguliwe. Meneja alikubali shingo upande.

Viputo vilishinda waziwazi. Juu palitanda utando kama wa maziwa yaliyochemka. Chini maji yaling'aa. Mama Gilasi akamwalika meneja aje Ijumaa ajionee.

Alhamisi usiku mvua ikapiga, bwawa likaingia tope. Ijumaa, mbele ya meneja, viputo vikahangaika na udongo mzito kama sisimizi na gunia, na lile pipa la kutuamisha, ambalo Mama Gilasi alilisema vibaya wiki nzima, likasafisha bila wasiwasi.

"Ndiyo njia yako hii?" meneja akauliza.

"Ni njia ya maji ya jana. Haya ni mengine."

"Chagua moja, mama. Siwezi kujenga kwa kufuata mawingu."

"Basi mawingu ndiyo yatakayotuchagulia, bosi, tukitaka tusitake."

Meneja akaondoka bila kuaga. Mama Gilasi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka kwa hasira mpaka machozi. Kesho yake akaanza upya kumsumbua, ofisini, getini, hata mlango wa chooni, mpaka mzee wa watu akasalimu amri: nusu ya matangi yakatiwa viputo, nusu yakaachwa.

Chujio sasa linapumua. Kiangazi Mama Gilasi hufungulia maji upande wa viputo, masika upande wa kutuamisha. Mawingu yakisitasita, utamkuta uani, ufunguo mkononi, akiyasonya.