Pete Ndani ya Kisiki cha Kahawa

Basili alipopunguzwa kazi kiwandani mjini Moshi, mwaka tisini na nne, alirudi Kirua Vunjo na godoro, sanduku la bisibisi na redio mbovu. Wenzake walifungua vibanda vya mitumba au wakaenda Holili kuvusha mahindi. Yeye, aliyekuwa fundi umeme kwa miaka ishirini na miwili, aliifungua ile redio, akazungusha waya wa shaba kwenye kifuniko cha ndoo, akaunganisha betri na kufunga kila kitu kwenye mpini wa fagio. Alipomaliza alikuwa na mashine ya kutambua chuma kilichofukiwa. Ukiipitisha juu ya udongo mtupu ilikoroma polepole kama paka. Ikipita juu ya chuma, sauti ilipanda ikawa kilio chembamba.

Watu waliamua palepale kwamba anatafuta mali zilizofukiwa na Mjerumani enzi zake. Basili hakubisha, maana kubishana kulimchosha. Alichopenda ni kuwatafutia watu vitu vyao: panga lililosahaulika nyasini, funguo, jembe lililozama kwenye samadi. Akipata kitu alikifuta kwa shati lake kabla ya kumkabidhi mwenyewe, na alifurahi kuliko mwenyewe.

Septemba ya mwaka tisini na sita aliitwa na jirani yake Mektrida, mjane wa makamo. Ng'ombe wake mmoja alikuwa amekufa kwa kumeza msumari. Sasa alitaka kupanda majani ya malisho mahali palipokuwa na banda la zamani, pamoja na mistari mitatu ya kahawa aliyoing'oa baada ya bei kuanguka miaka nenda miaka rudi.

"Nipimie pote, Basili," alimwambia. "Sitaki kubaki na msumari hata mmoja."

Alipata misumari kumi na saba na kipande cha bati. Kisha alipopita kando ya rundo la visiki, mashine ikalia. Akachimbua udongo, hapakuwa na kitu. Akaisogeza tena, ikalia tena, ndipo akagundua kwamba kinachoiliza ni kisiki chenyewe.

"Kahawa ina chuma?" Mektrida aliuliza.

"Hii inacho."

Wakakipasua kwa shoka, kidogokidogo. Ndani ya mzizi mkuu palikuwa na pete. Mzizi ulikuwa umepenya katikati yake ukiwa mwembamba, kisha ukanenepa mwaka baada ya mwaka mpaka ukaimeza. Basili aliifuta kwa shati. Ilikuwa ya rangi ya manjano iliyofifia, nene kiasi, na upande wa ndani ilikuwa na herufi zilizolala kama zimesukumwa na upepo.

Jioni hiyo kijiji kizima kilishajua kwamba Basili amepata dhahabu ya Mjerumani. Siku ya pili akaja mtu kutoka Tarakea akitaka kuinunua bila hata kuiona. Mektrida akamfukuza.

"Kwanza tujue ni ya nani," alisema. "Haiwezekani pete iingie ardhini kwa miguu yake. Hii mistari mitatu baba mkwe aliipanda mwaka kanisa letu lilipoezekwa bati, arobaini na saba. Alikuwa akiturudia hadithi hiyo mpaka tukaikariri."

Basili akapiga hesabu. Kama mche ulipandwa mwaka huo, na mzizi ukapita ndani ya pete, basi pete ilikuwa kwenye shimo tangu mche ukiwa mdogo.

Jumatatu akashuka mjini kwa sonara mmoja mzee aliyekuwa na meza yake karibu na soko. Sonara aliisugua pete kwenye jiwe, akadondosha tone la dawa, akatikisa kichwa.

"Dhahabu hakuna. Ni fedha kidogo, iliyobaki ni shaba. Ndiyo maana imekuwa njano." Akaweka lenzi jichoni, akaizungusha pete, kisha akacheka. "Hii haikutengenezwa na sonara. Ni shilingi!"

Akatoa kopo la sarafu kuukuu, akachakura, akaweka moja kando ya pete. Basili alipoinama kwenye lenzi aliona herufi zilezile: I, N, D, I.

"Shilingi ya mfalme George wa sita," sonara akaeleza. "Hapa aliandikwa mfalme wa India pia. India ilipojitawala, maneno hayo yakaondolewa. Kwa hiyo hii ni ya kabla ya hapo. Na ona huku nje, alama ndogondogo za kugongwa. Askari wetu waliorudi kutoka vita vya Bama, huko Asia, walikuwa nazo. Unaisimamisha shilingi, unagonga ukingo wake kwa kijiko, siku nyingi, mpaka ukingo unatanuka. Halafu unatoboa katikati."

Basili alipanda mlima akiwa na furaha kama aliyepata hiyo dhahabu. Alimsimulia Mektrida yote: kijiko, mfalme, Bama.

"Hapa kwetu hakuna aliyekwenda Bama," Mektrida alisema. "Labda tumuulize wifi."

Wifi yake alikuwa Theopista, dada mkubwa wa marehemu mumewe, bibi wa miaka sabini aliyekuwa mjane na kuishi nyumba ya juu ya mfongo, ule mfereji wa maji unaopita mashambani. Walimkuta akimenya ndizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa umetajirika."

Basili akaiweka pete kwenye kiganja cha bibi. Theopista hakuuliza ni nini. Aliweka kisu chini, akaigeuza pete mara mbili, akaingiza ncha ya kidole kidogo.

"Mmeipata mfongoni?"

"Hapana, bibi. Kwenye mzizi wa kahawa, ile mistari mitatu."

Bibi aliketi akitazama mlima ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu. Kisha akasimulia. Sifael, kijana wa kijiji cha Mamba, alirudi kutoka vitani akamvisha pete hiyo. Lakini Sifael alikuwa Mlutheri, na baba yake Theopista alikuwa Mkatoliki aliyeona afadhali binti aolewe na mti. Baba akamvua binti yake pete kidoleni, akamwambia ameitupa mfongoni.

"Siku tatu nilichakura tope lile kwa mikono hii," alisema. "Mama alidhani natafuta chambo. Kumbe baba alikuwa ameipandia mche juu yake! Na kila msimu anatutuma tukaupalilie!"

Mektrida alijiandaa kumbembeleza, lakini bibi alikuwa anacheka, machozi yakimtoka palepale. Basili, ambaye alijua vizuri kutafuta kitu mahali kisipokuwepo, alivuta kigoda akaketi karibu naye. Akaokota kisu, akaanza kumenya ndizi zilizobaki.

"Nilipata mume mwema baadaye, sina lawama," Theopista akasema. "Ila Sifael alidhani niliitupa mimi. Hiyo ndiyo imeniuma. Basili, mashine yako inatafuta na watu?"

Hakuhitaji mashine, aliulizia tu Mamba. Sifael alikuwa hai, kiziwi nusu, naye alikuwa na mke mcheshi. Jumapili iliyofuata Basili akawapeleka Theopista na Mektrida kwake. Mzee aliipeleka pete karibu na macho, akaigonga kwa ukucha.

"Nilianza kuigonga Bama nikaimalizia melini!" alipiga kelele, maana hakujisikia mwenyewe. "Kijiko kilivunjika!"

"Baba aliizika!" Theopista naye akapaza sauti. "Sikuitupa mimi!"

"Nini?"

"Sikuitupa!"

Mkewe Sifael alicheka mpaka akashika mlango. "Mwache, dada. Miaka arobaini ananiambia uliitupa. Leo atalala." Akamtaka Theopista aivae, lakini haikupita fundo la kidole, basi wakala machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na kunywa mbege, pombe ya ndizi, mpaka jua likaelekea kuzama.

Theopista aliitia kamba, akaivaa shingoni pamoja na rozari, na padri alipomuuliza alimwambia ni shilingi tu. Tangu mwaka huo nyumba hizo mbili zilitembeleana kila Krismasi, na Basili alialikwa kama ndugu. Wazee walizungumza mambo yao ya ujana kwa kelele, kwa ajili ya masikio ya Sifael, hata majirani wa ng'ambo ya mfongo wakawa wanajua yote, na wasiposikia vizuri waliuliza kwa sauti kutoka kwao.