Birika la Juu Ngomeni

Evanthia alilinda ngome yetu miaka ishirini na sita. Kila asubuhi alipanda na ufunguo wa lango kubwa, akakata tiketi, akawaonya watu wasikanyage kuta, na jioni akaokota karatasi za chooni nyuma ya kanisa la humo ngomeni. Kazi hiyo ilimfanya awaonee kinyaa binadamu. Alikuwa akisema wageni wanapanda kilima saa nzima waje kuona mawe ya miaka elfu mbili na mia tano, halafu wanayakojolea.

Lakini birika, lile tangi la mwambani la kukingia maji ya mvua, alilipenda. Wahenga wetu, Wagiriki wa kale, ndio waliolichimba, Warumi wakalipiga lipu, watu wa Venisi wakalijengea ukingo, Waturuki wakachonga maandishi yao kwenye ukingo huohuo. Kila aliyekuja alibomoa cha aliyemtangulia, ila birika halikuguswa, maana kiu haichagui bendera. Wakati wa vita bibi yake Evanthia alijificha huko juu siku arobaini pamoja na nusu ya kijiji, wakinywa maji hayo.

Desemba moja, Jumatano, baada ya siku ambayo ngome hufungwa, harufu ilimpokea langoni. Alidhani mbuzi amefia mahali. Akaifuata mpaka birikani, akashusha ndoo. Kilichopanda kilikuwa cheusi na kizito, kina povu la mafuta na utando unaovutika kama kamasi. Panya wawili walikuwa wamenasa humo, wamevimba. Alitapika palepale, kwenye viatu vyake mwenyewe.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Ulikuwa msimu wa kukamua zeituni, na uchafu ule hutoka mtamboni. Mtambo kijijini ni mmoja, wa Stathis, mdogo wa mumewe. Matairi ya trekta yalikuwa yamechora tope tangu lango la nyuma, na ufunguo wa lango hilo Stathis alibaki nao tangu alipopandisha mawe ya ukarabati.

Jumapili aliwakuta mumewe na Stathis kwa mama mkwe wake, Kyra Vasilo, wakila. Stathis alikuwa akichovya mkate kwenye mafuta mapya. Evanthia hakusalimu. Aliweka chupa ya maji yale mezani, akaifungua.

"Shemeji, tunakula," Stathis akasema.

"Kula tu. Nimekuletea cha kushushia."

Kikongwe akaziba pua kwa aproni. Stathis akajitetea kwamba bwawa lake la uchafu lilijaa mvua, sasa angemwaga wapi, mtoni? "Na lile ni shimo la Waturuki. Nani anakunywa maji yake siku hizi?"

"Mama yako aliyanywa wakati wa vita, akiwa mtoto wa mgongoni. Muulize."

Mumewe, Argyris, akamwambia aondoe chupa, mambo ya nyumbani yaishie nyumbani. Alisema hayo akiangalia mkate. Evanthia akamtazama, akaelewa.

"Ulijua?"

"Alimwaga mara tatu tu, Evanthia."

Kesho yake aliwaandikia wakubwa wake mjini, na jina la mumewe akalitia. Mtambo ukafungwa msimu mzima. Sisi tukapeleka zeituni zetu kijiji cha tatu, njia nzima tukimtukana. Nami nilimtukana, ingawa nililiona trekta lile likipanda na tangi nyuma, nikageuza uso, maana zeituni zangu zilikuwa kwenye foleni ya Stathis.

Birika lilinyonywa kwa pampu mara nne. Lipu ya Warumi imebaki nyeusi, na kiangazi hunuka bado. Evanthia aliendelea kulala nyumba moja na Argyris, lakini alihamishia kitanda chake chumba cha kushonea, na hakula tena mafuta ya shemeji yake.

Wageni wakimuuliza harufu ile ni ya nini, aliwaeleza waliochimba, waliopaka lipu, waliojenga ukingo, waliochonga. Kisha akawataja Stathis na Argyris, kwa majina, na kijiji chetu baada yao, hata tulipokuwa tumesimama pale tunasikia.