Plau ya Gumbo na Wajuaji Wake

Plau tuliikuta kwenye nyasi za shamba la mama mdogo, ng'ambo ya daraja, mbele kidogo ya Gumbo, mimi na yeye tulipokuwa tunafyeka. Panga langu liligonga chuma. Tukadhani ni bomu, tukakimbia wote wawili, halafu tukarudi kwa aibu kwa sababu bomu halina gurudumu.

Shamba ni fedani tatu, kama eka tatu hivi, na mama mdogo hana lingine. Huko kwetu ardhi yenye mbegu haiguswi na mtu, hata awe nani. Iliyolala bure ni ya yeyote mwenye nguzo za kuchimbia. Mtu mmoja mwenye gari kubwa alikuwa ameshachimbia nguzo nne upande wa barabara. Chifu alimwambia mama mdogo, "Mvua ya kwanza ikikuta mbegu, ni lako. Ikikuta nyasi, usije kulia kwangu."

Kwa majembe ya mkono tungemaliza labda fedani moja. Mzee mmoja wa kanisani kwao aliahidi kutuazima trekta kwa siku mbili, lakini trekta bila plau ni pikipiki nzito tu. Kwa hiyo kile chuma kilichotukimbiza, kama kweli ni plau, ndicho kilichokuwa tumaini lote.

Wa kwanza kuja kukitambua alikuwa mtaalamu wa kilimo, Mkenya wa shirika la misaada. Viatu vyake vya shambani vilikuwa safi kuliko vyombo vyetu vya chakula. Alizunguka mara moja, hakuinama.

"Hii ni mashine ya kupandia mahindi, Mama. Ya zamani sana. Mbegu zilikuwa zinaingia hapa." Alionyesha kikopo cha grisi.

"Na zilikuwa zinatokea wapi?" mama mdogo aliuliza.

"Hiyo sehemu ilianguka."

Akaweka mguu juu ya gurudumu, akapigwa picha, akaenda zake.

Wa pili alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Gumbo, aliyekulia Uganda. Huyu hata hakuzunguka.

"Hii iko ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani anavuta chuma kama hiki?"

"Ng'ombe ya kawaja, ya mzungu. Ilikuwa kubwa."

Alicheka peke yake. Kisha akaeleza kwamba trekta za siku hizi hunyanyua plau kwa mikono yake ya nyuma, na hii haina pa kushikwa, kwa hiyo ni chuma chakavu, yeye yuko tayari kutuondolea huo uchafu. Watu wa namna hii wana huruma sana na mali ya wengine.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisoma mpaka darasa la saba, kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, na tangu hapo wakubwa wakiongea ulimi wangu hulala. Watu huita hiyo adabu. Ni woga.

Walipoondoka nilichukua brashi ya waya na dizeli, nikaanza kusugua. Chini ya kutu kulikuwa na sahani tatu za chuma, pana, zilizobonyea kama bakuli, zimekaa upande upande. Hazipandi kitu. Zinapindua udongo. Mbele kulikuwa na mkono mrefu wa kuvutia, wenye tundu la pini nene, na hakuna ng'ombe anayefungwa kwa pini nene kama mkono wangu. Mtaalamu angeinama mara moja tu angeona.

Kilichonisumbua ni gurudumu la kushoto. Ndani yake lilikuwa na meno, na juu ya meno kulikuwa na kijiti cha chuma chenye tundu lililolika upande mmoja. Nililitazama siku mbili. Nati zilikuwa zimeganda, nikazilowesha kwa oili chafu niliyoomba kwa vijana wa bodaboda, nikazipasha moto wa mkaa, na moja moja zikakubali. Nilitoa grisi iliyokuwa imegeuka udongo, nikajaza mpya. Pini iliyooza ya kile kijiti niliitengeneza upya kwa kipande cha springi ya lori. Fundi alinikatia huku akiniambia nachezea muda wangu.

Mwisho nikafunga kamba kwenye lile tundu la kijiti, nikavuta, mama mdogo akasukuma gurudumu. Kijiti kikaanguka kwenye meno, na plau nzima ikapanda yenyewe, kama ng'ombe anavyoinuka, nyuma kwanza. Haikuhitaji mikono ya trekta yoyote. Dereva akifika mwisho wa mstari anavuta kamba, gurudumu linanyanyua sahani. Akigeuka anavuta tena, zinashuka. Aliyeibuni alikuwa na akili kuliko sisi sote tuliosimama pale.

Mama mdogo alipiga kigelegele. Nilidhani tumemaliza.

Dereva wa trekta alikuwa amevuta matangi ya maji maisha yake yote, kutoka mtoni kwenda mjini, na alitutangazia hilo kabla hajashuka.

"Mimi navuta tangi limejaa kwenye matope, ya zol, bwana wee. Hii ni kazi ya watoto." Akaishika kamba. "Na hii ya nini?"

Hakungoja jibu. Akaikata kwa kisu, akafungia jerikeni lake la dizeli. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, maneno yakiwa tayari mdomoni. Nikayameza.

Mstari wa kwanza ulitoka mzuri, udongo mweusi ukilala upande mmoja. Mwishoni akakata kona kama anavyokata na tangi lake, sahani zikiwa bado ardhini. Mkono wa kuvutia ukajikunja, trekta ikainua magurudumu ya mbele. Alishuka akaipiga plau teke.

"Si niliwaambia ni mbovu?"

Hakuwa ametuambia.

Mama mdogo aliokota kipande cha kamba kilichobaki.

"Si wewe uliyeifunga?"

"Ndiyo."

"Ulimwona akiikata?"

"Ndiyo."

"Basi mko wawili."

Kunyoosha ule mkono kulichukua jioni nzima na asubuhi ya siku ya pili. Saa saba nikafunga kamba mpya, nikaishika mwenyewe, nikamwambia dereva, "Mimi natembea nyuma. Usikate kona mpaka nikuambie."

"Sawa, mkurugenzi," alisema, lakini alitii. Nilitembea, nikavuta, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Kila mwisho wa mstari plau ilipanda.

Alianzia upande wa mbali na barabara, kwa sababu hakutaka kugusa nguzo za mwenye gari kubwa. Simba wa matope. Jua lilipozama tulikuwa na fedani mbili. Trekta ikarudi kwa mwenyewe.

Fedani mbili tulizipanda mtama, kisha tukageukia ya barabarani kwa majembe ya mkono. Siku ya nne mvua ikaja. Tulikuwa tumelima kipande cha ukubwa wa chumba.

Chifu alikuja na mwavuli, akapita kwa hatua zake ndefu. "Hizi mbili zako, Mama. Na hicho kipande. Kule kwingine, kalas, imekwisha."

Mama mdogo alinipa kopo la mbegu.

"Mvua ya kwanza bado inanyesha. Pandia mpaka kwenye nguzo. Usimwachie yule mwenye gari hata unyayo."

Nikapiga magoti kwenye tope, nikaanza kuzifukia mbegu mguuni mwa nguzo yake, moja baada ya nyingine, mvua ikinipiga mgongoni na chifu akinitazama.