Karani Aliyeandika Macho Yamefumbwa

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja hapa Ifakara inayotoa vyeti vya kuzaliwa. Mbele yangu alisimama mzee, mvuvi kutoka Malinyi. Cheti cha kwanza cha mjukuu wake kilikosewa herufi moja, shule ikakikataa, akalazimika kurudi.

Karani, dada wa makamo, macho yake yalikuwa mekundu na yanatoka machozi. Aliyapangusa kwa ncha ya mtandio, akayafumba kabisa, akaweka vidole kwenye kompyuta.

"Shikamoo baba. Nitajie majina taratibu."

"Marahaba. Mwanangu, unaandika umelala?"

"Sijalala. Nimekodolea kioo hiki tangu asubuhi, macho yanawaka kama yametiwa pilipili. Wewe taja tu, vidole vinajua njia."

Mzee akataja herufi moja moja. Foleni nzima tulikuwa tukiangalia vile vidole.

Cheti kikatoka. Mzee alikifuata kwa kidole neno kwa neno, akarudia, kisha akavua kofia.

"Hakuna kosa," alisema polepole.

Dada akafumbua macho, akaitazama milima dirishani kwa muda, akamwita anayefuata.

Mimi nimeandika kisa hiki macho yakiwa wazi, na mhariri amenirudishia mara mbili.